RANGI YA MAJI NAYO NI MWALIMU



Sisi wa Mitundu tuko mbali na Ziwa Victoria, na samaki wake hutufikia wakiwa wamekaushwa. Lakini wamo humo samaki wadogo waitwao furu, ambao kwa maoni yetu wana mazingatio kwa kila anayesoma na kila anayesomesha.

Upande wa Mwanza kuna furu wa aina mbili wanaofanana sana. Dume wa aina ya kwanza ni wa buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Wa pili ni mwekundu, hukaa chini zaidi, na wataalamu wamempa jina la Mwalimu Nyerere. Maji yale huchuja mwanga: kadiri unavyozama, buluu hupotea na wekundu hubaki.

Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walieleza kwamba majike waliolelewa na mama wa aina nyingine, walipokua walipendelea madume wa aina ya mlezi wao. Mwaka 2017 ikaelezwa kwamba majike waliokuzwa katika mwanga wa maji ya juu walielekea zaidi kwa dume wa buluu, na waliokuzwa katika mwanga wa kina walielekea kwa mwekundu. Kumbe furu hufunzwa na mlezi, na rangi inayomzunguka nayo humwelekeza.

Hatari iko hapa. Tangu mwaka 1997 wataalamu wameonya kwamba maji yakichafuka, majike hushindwa kupambanua rangi, aina huchanganyika na nyingine hupotea. Kosa hapo si la samaki. Ni la wanaochafua maji.

Mtoto si furu, wala hatudai kwamba kupaka ukuta rangi kutamhifadhisha mtu somo. Tunachosema ni kwamba kabla ya kumwita mwenzetu kichwa kigumu, tuangalie maji anamoogelea: darasa lenye giza, ubao uliofifia usiosomeka kutoka nyuma, wakubwa wanaotukana mbele ya wadogo. Haya hayangoji mfadhili. Tufungue madirisha, tupake ubao upya, tuchunge ndimi zetu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Furu wanatuongezea: na pale unapomlea pia.