Elimu ya Anga: Mlango wa Juu ya Mawingu

Wengi wetu hudhani ya kuwa uchafu ukichukuliwa na upepo umekwisha kutoweka. Sivyo. Anga ina nyumba kadhaa, moja ya chini na nyingine za juu yake, na kila kitu tukirushacho kina njia yake.

Nyumba ya chini huitwa troposfia. Jua hupasha ardhi moto, ardhi nayo hupasha hewa, ikapanda na kushuka kama maji yatokotayo chunguni. Mvua zetu zote hutoka humo. Katika nchi za joto dari yake iko yapata kilometa 16 au 17 juu, penye baridi ya digrii 80 hivi chini ya sufuri.

Juu ya dari hiyo ni stratosfia. Humo ozoni huzuia mionzi mikali ya jua na kutoa joto. Basi kadiri upandavyo, joto huzidi. Hewa ya moto ikilala juu ya hewa baridi hutulia, haipinduki.

Je, dari haina mlango? Inao, nao uko juu ya vichwa vyetu. Majira ya mvua, mawingu ya radi huinua hewa ya chini hadi karibu na dari, na yaliyo makuu huweza kuipenya. Kisha hewa hupanda polepole, huenea kaskazini na kusini, na baada ya miaka kadhaa hushuka katika nchi za baridi. Mwaka 1949 Mwingereza Brewer aliitambua njia hiyo. Alijua ya kuwa stratosfia juu ya Uingereza ni kavu mno, akafahamu ya kuwa hewa yake iliingilia nchi za joto, ambako baridi ya darini huyagandisha maji yake.

Ni nini basi kipitacho mlangoni? Vumbi la machimbo halipiti: huanguka karibu, au mvua huliosha. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba moja ya Kasulo, watu wakachimba hata uani mwao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kobalti nyingi katika mikojo ya wakazi, hasa watoto, kuliko ya watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo. Vumbi lilibaki nyumbani.

Lakini hewa ya mafriji ya zamani haioshwi na mvua. Hupita mlangoni, na huko juu huharibu ozoni itukingayo. Kwa sababu hiyo mataifa yalipatana huko Montreal mwaka 1987 kuipunguza, na ozoni imeanza kupona.

Basi, wazazi, msiweke mawe ya machimbo ndani ya nyumba, na nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Nanyi vijana, msikate mabomba ya friji kuukuu kwa kutamani shaba. Mungu alitupa anga moja sisi sote. Tusimtupie jirani, wala mtoto wetu, uchafu tusiotaka kuuona.