Simu inasema sawa, mwili unatetemeka

Mama alipotutembelea hapa Kensington alimshangaa mtoto wa jirani mwenye kibandiko mkononi. "Huyu hachomwi kidole?" Yeye kule Tanga hujichoma kila asubuhi, vidole vimeota sugu.

Chini ya kibandiko kuna uzi mwembamba uliopakwa kimeng'enya. Kikikutana na sukari hutokea umeme kidogo, na sukari ikizidi umeme nao huzidi. Wazo hilo lilianza na Leland Clark wa Marekani mwaka 1962. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha New South Wales, kwenye maabara ya Profesa Justin Gooding, wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2018 walieleza namna ya kutumia chembe za sumaku zilizopakwa dhahabu, ndogo mno, kunasa katika damu vipande vya RNA vilivyo vichache sana.

Lakini wenye kibandiko, sikilizeni. Uzi ule hausomi damu. Husoma majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hufika huko ikichelewa dakika kadhaa. Kwa hiyo ukitetemeka na kutokwa jasho huku simu ikisema uko sawa, choma kidole. Mashine ya zamani isitupwe.

Tangu Julai 2022 serikali ya Australia huchangia gharama kwa kisukari cha aina ya kwanza. Mama ana aina ya pili, tena ni mgeni. Amerudi Tanga na pakiti nne za vijiti vya kupimia.