Shimesikio Isiishie Dukani

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na kwamba walio wengi wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, katika kila watu 100 ambao wangefaidika na shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kivaliwacho sikioni, wanaokitumia ni 17 tu. Pengo hilo halitokani na upungufu wa maarifa. Kwa sehemu kubwa linatokana na jinsi biashara yenyewe ilivyopangwa.

Kwa miaka mingi soko la vifaa hivi limeshikwa na makampuni matano makubwa: Sonova ya Uswisi, Demant na GN za Denmark, WS Audiology, na Starkey ya Marekani. Bei aliyotozwa mnunuzi haikuwa ya kifaa peke yake. Ndani yake mlikuwamo pia ujira wa mtaalamu wa kupima masikio, kukirekebisha kifaa na kumwangalia mgonjwa baadaye. Sasa utaratibu huo unavunjika. Tangu Oktoba 17, 2022, Marekani imeruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani kununua shimesikio dukani bila ya kupitia kwa daktari. Mwaka 2024 nchi hiyo iliidhinisha hata programu inayoviwezesha vipokea sauti vya masikioni vya kampuni ya Apple kufanya kazi hiyo.

Je, mabadiliko hayo yana faida gani kwa mkazi wa Kigali, au kwa mkulima wa Nyagatare anayeitegemea Kigali kwa matibabu makubwa? Kwa maoni yetu faida ipo, lakini isipimwe kwa bei ya dukani. Ruhusa ya Marekani haiwahusu watoto, nao ndio wenye hasara kubwa, kwani mtoto asiyesikia na asiyesaidiwa mapema huchelewa kuipata lugha, na hatimaye elimu. Zaidi ya hayo, betri ndogo za vifaa vingi hudumu siku chache, au wiki mbili hivi. Mama aliyepewa shimesikio bure mjini, akarejea kijijini pasipo betri, amepewa pambo la kuwekwa sandukuni.

Funzo la karibu zaidi limo humu humu Afrika. Huko Otse, Botswana, kulibuniwa shimesikio yenye betri zinazochajiwa kwa nguvu za jua, na miongoni mwa waliozitengeneza ni viziwi wenyewe. Chuo Kikuu cha Pretoria nacho kilianzisha njia ya kupima usikivu kwa simu ya mkononi, ambayo mtu asiye mtaalamu anaweza kufunzwa kuitumia. Rwanda inao wahudumu wa afya wa vijijini ambao tayari hupima na kutibu malaria. Wakifunzwa kupima masikio na kuwafuatilia wenye vifaa, mtaalamu wa Kigali atabakiwa na kazi ngumu zinazomstahili, hasa ile ya watoto.

Kwa hiyo wanaopanga matumizi ya fedha za afya hawana budi kuuliza mapema: baada ya mwaka mmoja, nani atakitengeneza kifaa hiki, na betri zake zitapatikana wapi? Pasipo jibu la swali hilo, shimesikio iliyo rahisi kuliko zote itakuwa ghali.