Siku ya Tatu Imefika, Tushike Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mafundi wa mitandao wa Kitengela na Kajiado tumekaa nyumbani kwa programu huria miaka mingi, tunakula, tunalala, na jembe hatujaligusa. Tunapakua OPNsense bila kulipa hata ndururu, tunaiweka kwenye kompyuta kuukuu, na kesho yake zahanati, shule au sacco ina fayawoli ya maana. Mteja tunamtoza pesa ya kazi, na hiyo ni haki yetu. Lakini waundaji wakiomba toleo jipya lijaribiwe kabla halijatoka, hasa sehemu ya VPN, tunajifanya hatujasikia. Toleo likitoka na VPN ikazima, sisi ndio wa kwanza kutukana kwenye grupu la WhatsApp.

Huo si ujanja, jamaa. Ni udoezi.

Labda wewe VPN unaijua kwa sababu ya Telegram, ilipobanwa Kenya wakati wa KCSE Novemba 2023 na tena Novemba 2024. Ile uliyoweka kwenye simu na hii ya ofisini ni ndugu, kazi tu ndiyo tofauti. Ya ofisini ni handaki. Makao makuu yako Kitengela, tawi liko Kajiado mjini, takriban kilomita 50 ukipitia Isinya kwa Barabara ya Namanga. Faili za wagonjwa, karo, hesabu za stoo, vyote vinapita ndani ya handaki hilo vikiwa vimefungwa kwa ufunguo. Likianguka, mama aliyekuja na mtoto mwenye homa anaambiwa asubiri, system imekataa. Na asipotaka kusubiri? Karani anapiga picha orodha ya wagonjwa na kuituma kwa WhatsApp yake binafsi ili kazi iende. Nchi ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini siku handaki linapoanguka, sheria hiyo inazungukwa kwa simu ya mtu, tena kwa nia njema kabisa.

Najua majibu ya mafundi wenzangu. La kwanza: “Kama inafanya kazi, usiiguse.” Hili linasemwa kwa sauti ya hekima, na linaua. OPNsense hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Januari na Julai, na marekebisho madogo katikati. Kila tundu linapozibwa, hutangazwa. Mwizi naye anasoma tangazo hilo. Ukikaa mwaka mzima bila kusasisha, umemwachia orodha ya madirisha yako yaliyo wazi. Kwa hiyo kusasisha ni lazima, na kwa kuwa ni lazima, kujaribu kwanza ni lazima pia.

Jibu la pili: “Kuna watu huko ng’ambo wanajaribu.” Kweli? Tuangalie mwaka 2021. Kampuni ya Netgate, wenye pfSense, ambayo OPNsense ilichipuka kutoka kwayo mwaka 2014, ililipia WireGuard iandikwe ndani ya kiini cha FreeBSD. Februari ikatoka kwenye pfSense 2.5.0. Mwezi uliofuata Jason Donenfeld, aliyeibuni WireGuard yenyewe, akaukagua msimbo huo na wenzake. Walikuta sehemu ambazo programu iliambiwa isinzie kidogo ili kasoro zisionekane, na ukaguzi ambao kazi yake ilikuwa kujibu “ndiyo” kwa kila kitu. Kampuni ilijitetea, lakini msimbo uliondolewa kwenye FreeBSD 13.0 kabla haijatoka, na pfSense 2.5.1 ikautoa pia. Msimbo ulikuwa wazi, dunia nzima ingeweza kuusoma. Kila mtu alidhani mwenzake ameshausoma.

Halafu hata hao wa ng’ambo wakijaribu kwa bidii zote, hawawezi kujaribu Kajiado. Maabara yao ina anwani yake ya kudumu, nyaya safi na stima isiyokatika. Tawi lako linatumia laini ya simu iliyorundikwa na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo handaki lisipogonga mlango kila baada ya muda mfupi, sekunde 25 hivi, mlango unafungwa kimyakimya. Makao makuu yakibadilishiwa anwani usiku, WireGuard iliyoandikiwa jina la seva inaweza kubaki ikibisha nyumba ya zamani, kwa sababu jina hilo hutafutwa inapowashwa tu. Stima ikipotea na kurudi mara tatu jioni moja, je, handaki linaamka lenyewe au linasubiri mtu apande matatu kutoka Kitengela?

Na kuna hili la ukubwa wa pakiti, ambalo nimelishuhudia kwenye tawi moja. Baada ya sasisho, ping inajibu vizuri na taa zote ni kijani. Fundi anasema iko sawa, anaondoka. Kumbe pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama, kwa hiyo ujumbe mfupi unafika ila PDF ya kurasa kumi haifiki kamwe. Mwenye ofisi anaambiwa alaumu bundles. Aliyejaribu kwa ping peke yake hajajaribu kitu.

Kazi yenyewe si ya profesa. Laptopu moja yenye RAM ya GB 8 inatosha kuendesha fayawoli mbili za kuigiza. Upande mmoja weka toleo la zamani, upande wa pili toleo la majaribio, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa: hakuna anayesasisha Kitengela na Kajiado dakika ile ile. Hifadhi nakala ya mipangilio kwanza. Tuma faili kubwa pande zote mbili. Chomoa waya, hamia kwenye laini ya simu, hesabu handaki linachukua muda gani kurudi. Zima kila kitu ghafla kama stima imepotea. Mwisho, jaribu kupita pale unapotakiwa kuzuiwa, maana fayawoli inayoruhusu kila mtu nayo huonekana inafanya kazi. Ukikuta kasoro, andika toleo, hatua na kilichotokea. Funguo na anwani za mteja zifute kabla ya kutuma. Kiingereza cha sentensi tano kinatosha, hakuna anayesahihisha insha.

Jibu la tatu ndilo ninaloliheshimu: “Nani atanilipa?” Mteja. Weka saa mbili za majaribio kwenye kwotesheni, kila Januari na kila Julai, na umweleze ni za nini. Bosi huyo huyo analipa askari wa getini kila mwezi bila kuuliza ni wezi wangapi wamekamatwa. Anaweza kulipia saa nne kwa mwaka. Ila usimbebeshe kijana wa attachment kazi hiyo bure halafu wewe utie sahihi. Hapo utakuwa umedoea mara mbili, kwa waundaji na kwa mtoto wa watu.

Tusipojaribu, programu hizi zitaendelea kuwa sahihi kwa Amsterdam na bovu kwa Kajiado, na hatutakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu kasoro ambayo haikuripotiwa haina wa kuirekebisha. Kila fundi atenge mashine moja. Toleo la majaribio likitangazwa, liwe limeshapita kwenye laini zetu mbovu na stima yetu ya kubahatisha kabla halijafika kwa mgonjwa. Tumekula vya kutosha.