Fimbo Haikami Ng'ombe

Katika milima ya Masisi, huko Kivu, ng'ombe hukamwa kwa mkono asubuhi na mapema. Wako wachungaji wanaodhani kwamba ng'ombe akikataa kutoa maziwa, dawa yake ni fimbo. Wanakosa. Ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa, hata kama kiwele kimejaa.

Mkamaji mwenye akili humleta ndama kwanza. Ndama anyonya kidogo, mama anatulia, maziwa yanashuka. Ndipo mtu huosha kiwele na mikono yake. Hubana chuchu juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu hukaza vidole vingine kimoja kimoja mpaka chini. Havuti, maana kuvuta kwaumiza. Maziwa ya kwanza huyatazama katika kikombe: yakiwa na mabonge, kiwele kinaugua.

Na ndama je? Wengine hukama mpaka tone la mwisho, kwa sababu maziwa ni fedha sokoni. Lakini ndama akifa kwa njaa, ng'ombe wengi wa pembe ndefu hukataa kukamwa. Faida iko wapi? Chuchu ni nne. Moja yafaa iachwe kwa ndama.