HESABU ZA BIMA YA AFYA ZIFUNGULIWE



Kila mwisho wa mwezi, mtu akipokea karatasi yake ya mshahara huona mahali palipoandikwa SHIF. Tangu Oktoba 2024 kila mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla hajaugusa. Mwenye shilingi 20,000 hukatwa 550. Mwenye 50,000 hukatwa 1,375. Mwenye 100,000 hukatwa 2,750, na zamani chini ya NHIF hakukatwa zaidi ya 1,700. Mwajiri haongezi kitu juu yake. Fedha hizo zaenda kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA.

Hatuandiki leo kupinga bima. Mtu aliyewahi kuuza ng'ombe ili atoe maiti ya mzazi wake hospitalini anajua thamani ya bima. Twaandika juu ya jambo moja tu. Fedha ni zetu. Basi hesabu zake ziwe wazi kwa kila mtu, kila mwezi, hospitali kwa hospitali.

Tutaambiwa kwamba hesabu hutangazwa. Ni kweli, jumla hutangazwa: mabilioni kadhaa yameingia, mabilioni kadhaa yamelipwa. Lakini ukimwuliza karani kwa nini mshahara wako umepungua, naye akakujibu kwamba kampuni yote imelipa milioni kumi, amekujibu nini? Twataka kujua hospitali gani ilidai kiasi gani, kwa wagonjwa wangapi, ikalipwa kiasi gani, na siku gani.

Faida yake ni hii. Wizara ya Afya inayo orodha ya hospitali na zahanati zote nchini, yenye jina la kituo, mahali kilipo na idadi ya vitanda. Tuseme kwa mfano zahanati yenye vitanda 8 inadai malipo ya wagonjwa 400 waliolazwa siku tatu kila mmoja katika mwezi mmoja. Vitanda 8 kwa siku 30 vyatosha siku 240 za kulala. Wagonjwa 400 kwa siku tatu ni siku 1,200. Mtoto wa shule aweza kuona kwamba hapa pana uongo, lakini ni sharti kwanza aonyeshwe karatasi zote mbili. Leo tunaweza kuiona ya vitanda. Ya madai yafaa iwekwe kando yake.

Mwaka 2025 Wizara yenyewe ilisimamisha hospitali na zahanati kadhaa kwa sababu ya madai ya uongo. Twaisifu kwa hilo. Lakini wakaguzi ni wachache na nchi ni kubwa. Mama anayeuza mboga mbele ya lango la zahanati anajua ni watu wangapi huingia na wangapi hulala. Mfagiaji wa wodi anajua, na muuguzi anajua. Hao wote ni wakaguzi wasiolipwa mshahara, na mwizi huwaogopa kuliko mtu anayekuja kwa gari kutoka Nairobi mara moja kwa mwaka.

Tena kuna jambo la mfumo wenyewe wa kompyuta. Katika ripoti iliyotoka mwaka 2025, Mkaguzi Mkuu wa Serikali aliandika kwamba mfumo huo wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na Serikali. Mtu akikuwekea fedha zako katika sanduku lake mwenyewe, una haki ya kuuliza ufunguo uko wapi.

Wengine watasema jambo hili lilijaribiwa likashindwa. Hebu tulitazame. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Kibaki alifungua tovuti ya takwimu wazi za Serikali, na Kenya ikasifiwa kote Afrika. Baadaye kazi ikapoa. Wizara nyingi hazikuleta takwimu zao, na zilizoletwa zikazeeka bila kubadilishwa. Maofisa walikuwa wamezoea kwamba kila karatasi ya Serikali ni siri, na hakuna aliyeulizwa kwa nini hakuleta. Kilichoshindwa, basi, ni kuacha kazi hii kwa hiari ya wakubwa.

Lipo pingamizi moja ambalo twalikubali: siri ya mgonjwa. Mwaka 2015 iliagizwa kutoka juu kwamba watoto wa shule wenye virusi vya UKIMWI waandikishwe majina. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hatutaki jina la mgonjwa hata mmoja, wala nambari ya kitambulisho chake. Na katika zahanati ndogo, ambako mgonjwa mmoja wa ugonjwa fulani aweza kutambulikana kijiji kizima, ugonjwa huo usitajwe peke yake. Lakini siri ya mgonjwa isigeuzwe blanketi la kumfunika mwenye hospitali. Fedha alizolipwa si ugonjwa wake.

Nchi nyingine zimefanya. Uingereza hutangaza kila mwezi dawa zilizoandikwa na kila kituo cha madaktari, na gharama yake, bila jina la mgonjwa. Mwaka 2012 watu wasio wa Serikali walizichukua hesabu hizo wakaonyesha kwamba kwa dawa za kupunguza mafuta katika damu peke yake, zaidi ya pauni milioni 200 zingeokolewa kwa mwaka kama madaktari wangechagua dawa za bei nafuu za namna ile ile.

Tuwakumbuke pia wahamasishaji wa afya ya jamii, yapata 100,000, waliotumwa vijijini Septemba 2023 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Wao hupita nyumba kwa nyumba, wakaandika habari katika simu. Habari hizo hupanda juu. Mtu aliyezikusanya kwa miguu yake ana haki ya kuona kijiji chake kinasimamaje kando ya kijiji cha pili.

Basi twadai haya kwa SHA:

1. Madai na malipo ya kila hospitali yatangazwe kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana.

2. Yatolewe katika jedwali ambalo kompyuta yaweza kujumlisha, si karatasi zilizopigwa picha.

3. Kila ofisi ya kaunti ibandike ukutani hesabu za hospitali zake, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasio na mtandao.

4. Awepo ofisa mmoja mwenye kujulikana, ambaye ataulizwa zikichelewa.

Wala tusingoje. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 yasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba halikataliwi kwa sababu hukueleza wazitakia nini. Kupeleka ombi hakulipiwi. Ofisi yatakiwa kujibu katika siku 21. Ikikataa, malalamiko yaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa hiyo kila tawi na lichague hospitali tatu ambazo wanachama wake hutibiwa, liandike barua moja, na liweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua moja yaweza kupotea katika droo. Barua za matawi yote, zikifika juma moja, hazina droo ya kuzitosha.

Umoja ni nguvu.