Moshi wa Tangshan ni wa nani?

Mwandishi, hesabu ya makala yako kuhusu kushuka kwa hewa ukaa Ulaya ina pengo. Ni kweli hewa ukaa imeshuka Uingereza na Ujerumani tangu 1990, na kupunguza makaa ya mawe kumechangia sana. Lakini hesabu rasmi humwandikia moshi aliyeuzalisha, si aliyenunua bidhaa. Mashine ya kufulia ikiuzwa Hamburg na bati lake limetoka kwenye matanuri ya chuma ya mji wa Tangshan, China, moshi huo unahesabiwa China. Na si haba: tani moja ya chuma kinachoyeyushwa kwa makaa ya mawe hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa, na China peke yake hutengeneza zaidi ya nusu ya chuma chote duniani.

Ndiyo maana naunga mkono tozo ya kaboni ya mpakani ya Umoja wa Ulaya, inayogusa baadhi ya bidhaa zinazoingia, kama chuma na alumini, kuanzia Januari 2026. Aliyekwisha kulipia kaboni kwao hupunguziwa, kwa hiyo serikali za nchi zinazouza huko zinaona heri zikusanye tozo hiyo zenyewe. China iliongeza chuma, saruji na alumini kwenye soko lake la kaboni 2025, na India inajenga la kwake.

Kinachoniuma ni kwamba fedha zinabaki Ulaya, huku wauzaji wa nchi kama Msumbiji, ambayo alumini yake ilikuwa ikienda huko kwa wingi, wakidaiwa vipimo na wakaguzi kwa gharama zao. Sehemu ya fedha hizo iwasaidie kubadili mitambo.